Sura ya Saba: Saa ya Maji, Saa ya Rangi

Mtu akikuonyesha picha aliyoichora kwenye maingilio ya Mto Ruvuma, muulize kwanza aliichora saa ngapi na mwezi ulikuwa umefikisha siku ngapi. Bila majibu hayo mawili, picha hiyo ni vigumu kuisoma. Siku ya bamvua, pale mashua ilipopita alfajiri, kufika saa nne asubuhi pana tope tupu, akina mama wameinama wakitafuta chaza, na mizizi ya mikoko iko wazi mpaka shinani. Alasiri maji yamerudi, tope limefunikwa. Ukija tena mwezi wa tatu, mvua zikiwa zimekolea, hata rangi ya maji utaikuta imegeuka.

Wachoraji wengi wanaofika Mtwara huja wakitafuta ufuo uliotulia: mchanga mweupe, mnazi ulioinama, bahari ya samawati. Ufuo huo upo, na ni mzuri kweli. Ila pwani hii ina jambo kubwa zaidi la kumpa mchoraji, nalo ni mahali ambapo nchi kavu na bahari hupokezana zamu usiku na mchana. Anayekaa hapa na ubao wake anachora wakati kuliko anavyochora mahali. Na pasteli, kipande kidogo cha rangi kavu kinachoshikwa kwa vidole, ndicho chombo ninachokijua kinachoweza kwenda sambamba na wakati huo.

Maji mawili, michanga miwili

Ruvuma huanzia kwenye milima ya Matogoro, karibu na Songea, ukasafiri kiasi cha kilomita 800 kuelekea mashariki, sehemu kubwa ya safari hiyo ukiwa mpaka wetu na Msumbiji. Njiani hukusanya udongo wa kusini nzima: mchanga wa manjano wa mabondeni, mfinyanzi wa kijivu, vumbi jekundu linalosombwa na mvua. Ukikaribia bahari, kasi yake hupungua na mzigo huo huanza kutua. Chembe nzito hutangulia kutua, zikawa mafungu ya mchanga. Zile laini huelea mbele zaidi, zikikutana na chumvi hushikana, zikazama na kuwa tope.

Mafungu hayo hayakai mahali pamoja. Mwaka 1861 David Livingstone aliingia mtoni humu kwa meli iitwayo Pioneer, akalazimika kugeuza kwa sababu kina kilikuwa kikipungua. Kwa mchoraji maana yake ni nyepesi kueleweka: mstari wa mchanga uliouchora mwaka huu usitegemee kuukuta mwakani.

Kaskazini ya hapo, kwenye Ghuba ya Mnazi, mambo ni mengine kabisa. Mchanga wa huko hautokani na mto. Umetokana na matumbawe na makombe yaliyosagwa na mawimbi na samaki, ndiyo maana ni mweupe. Maji yake hayana tope, hivyo mwanga hupenya mpaka chini, ukagonga weupe huo na kurudi juu. Maji yenyewe hufyonza wekundu wa mwanga kwanza, na kadiri kina kinavyoongezeka ndivyo wekundu unavyokwisha. Penye kina kifupi utaona kijani cheupe, mbele kidogo feruzi, na mkondoni buluu iliyokolea. Ukilijua hilo, hutaichora bahari kwa rangi moja iliyoongezwa weusi au weupe. Utajua kwamba kila badiliko la rangi ni badiliko la kina au la kilicho chini, na mkono utaweka mpaka mahali panapostahili.

Eneo lote hili, la nchi kavu na la majini, limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 650. Ndani ya eneo hilo dogo kuna maji ya namna mbili, na pale yanapokutana pana mstari unaoonekana kwa macho: huku kahawia, huku kijani, na katikati utepe wa povu uliobeba majani makavu na miche ya mikoko inayoelea. Kwangu mimi huo ndio mstari mzuri kuliko yote ya pwani ya kusini. Unasogea kila dakika, na haujawahi kunyooka.

Msimu nao una amri yake. Tofauti na pwani ya kaskazini yenye vuli na masika, Mtwara ina msimu mmoja mrefu wa mvua, kuanzia Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Wakati huo mto hujaa, kahawia yake hutoka mbali baharini, na mawingu hupanda marefu mchana. Kusi likishika, kuanzia katikati ya mwaka, hewa hukauka, mto hupungua na maji ya chumvi hupanda ndani zaidi. Kahawia hurudi nyuma na kijani huusogelea mdomo wa mto. Mchoraji aliyezoea msimu mmoja hajaiona pwani hii hata nusu.

Hesabu ya mwezi

Wavuvi hawahitaji kuambiwa haya, lakini mchoraji lazima ajifunze. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika hamsini hivi kuliko jana yake. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, nguvu ya jua na ya mwezi huvuta kwa mstari mmoja, tukapata bamvua: maji hupanda juu sana na kushuka chini sana, tofauti ikizidi mita tatu. Mwezi ukiwa nusu, mivuto hiyo hukinzana na maji huwa mafu, yakapanda kidogo na kushuka kidogo.

Kuna jambo moja ambalo halimo katika vitabu vya uchoraji vilivyoandikwa mbali na hapa. Kwa kuwa bamvua hurudi kila baada ya wiki mbili, hurudi karibu saa zilezile. Kwenye pwani yetu, maji ya bamvua hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kwa hiyo tope pana la bamvua hufunuka jua likiwa kali, na vivuli ni vifupi. Anayetaka kulichora lazima akubali mwanga mkali na kuutumia.

Ukitaka tope lililo wazi kwa jua la pembeni, lile la dhahabu, subiri siku chache baada ya maji mafu. Hapo maji hupwa karibu na macheo na machweo. Hayatashuka mpaka mwisho, lakini mwanga utalala juu ya tope na kila kijifereji kitapata ukingo wake. Na ukiwa na picha uliyoianza ikakushinda kuimalizia, usirudi kesho yake ukidhani utaikuta. Mwanga utakuwa uleule lakini maji yatakuwa mengine. Rudi baada ya wiki mbili.

Jua nalo lina kalenda. Mtwara iko nyuzi kumi na kidogo kusini ya ikweta. Mnamo wiki ya tatu ya Februari na tena wiki ya tatu ya Oktoba, jua la adhuhuri hupita utosini moja kwa moja na kivuli cha mnazi hujikusanya shinani. Mwezi Juni adhuhuri hiyohiyo jua liko upande wa kaskazini, na miti yote huwa na ubavu wa kusini wenye kivuli. Jioni kiza huja upesi. Toka jua lizame mpaka usipoona tena rangi mkononi mwako ni nusu saa hivi, pengine pungufu. Mchoraji wa nchi za baridi ana machweo ya kusubiri. Sisi hatuna, na ndiyo sababu nyingine ya kuhitaji chombo kisichokawia.

Kijani si kimoja

Mgeni akiutazama msitu wa mikoko kutoka mashuani huona ukuta mmoja wa kijani. Aliyezaliwa karibu nao huona miti mingi yenye majina, na kila mmoja una mahali pake, kwa sababu kila mmoja una kiasi chake cha chumvi na cha kufunikwa na maji unachokivumilia.

Mbele kabisa, upande wa bahari, husimama mlilana. Majani yake ni ya mviringo, kijani chake kimechanganyika na kijivu, na huruhusu anga ionekane katikati ya matawi. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopinda kutoka shinani na kuingia matopeni kwa mikunjo. Majani yake ni makubwa, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta, na kijani chake ndicho kizito kuliko vyote. Mkandaa ni mfupi na umesongamana, una umanjano ndani yake. Gome lake lilitumika tangu zamani kutia rangi nyekundu ya kahawia na kutengeneza ngozi. Ukipanda mtoni, chumvi ikipungua, utaukuta msikundazi, ambao majani yake yana upande wa chini wa rangi ya fedha.

Kati ya miti hii yote, mchu ndio niliokaa nao zaidi. Chuma jani moja uligeuze: juu ni kijani cha kawaida, chini ni kijivu cheupe kilichofifia. Lilambe, utaonja chumvi, kwa sababu mti huu hutoa chumvi yake kupitia majani, na siku kavu utaiona imeganda kwa chembe ndogo zinazometa. Upepo wa kusi ukivuma, majani hugeuka yote kwa pamoja na mti mzima hupauka ghafla, kisha hurudi rangi yake. Chini yake, tope limejaa mizizi ya kupumulia iliyochomoza wima, imara, urefu wa shibiri, na kila mmoja una alama mahali maji yalipofikia.

Katika boksi la pasteli hakuna kipande kinachoitwa mchu. Rangi yake huipata kwa kuanza na kijivu cha joto, ukapitisha kijani kilichofifia juu yake bila kukandamiza, kisha ukagusa hapa na pale kwa krimu. Mkoko nauanza kwa buluu ya usiku au zambarau, ndipo kijani kije juu. Mwenye kuijua miti hii hatahitaji vipande ishirini vya kijani. Vichache vinatosha, ikiwa anajua kila kimoja kinakaa juu ya nini.

Kilichomo ndani ya pasteli

Pasteli laini ina vitu vitatu: unga wa rangi, unga mweupe wa chaki au kaolini wa kuipunguza makali, na gundi kidogo mno ya kuishikilia isivunjike. Uchache huo wa gundi ndio siri yake. Rangi ya mafuta imezama ndani ya mafuta, na rangi ya maji imelala ndani ya gundi. Chembe za pasteli ziko wazi juu ya karatasi, kila moja inarudisha mwanga kwa upande wake. Ndiyo maana picha ya pasteli ina mng'ao wa unga ambao rangi nyingine hazina, na ndiyo maana pia ukiipitishia kidole inafutika.

Usiichanganye na pasteli za mafuta wanazotumia watoto shuleni. Hizo zimefungwa kwa nta na mafuta, na zilianza kutengenezwa Japani miaka ya 1920. Zina raha yake, lakini tabia yake ni nyingine.

Ulaya pasteli ilipata heshima karne ya 18 kwa picha za sura za watu. Rosalba Carriera wa Venezia na Maurice Quentin de La Tour wa Ufaransa waliwachora nayo wafalme na matajiri. Kwa mchoraji wa mandhari, mwalimu mkubwa zaidi ni Eugène Boudin, mtoto wa baharia, aliyezaliwa mwaka 1824 Honfleur, mji wa bandari kaskazini ya Ufaransa. Boudin alikuwa akitoka nje kuchora anga kwa pasteli, picha moja baada ya nyingine, na pembeni akaandika tarehe, saa na upepo uliokuwa ukivuma. Mwaka 1859 mshairi Charles Baudelaire alizitazama picha hizo akaandika kwamba hata ukiyafunika maandishi yale kwa mkono, bado unaweza kukisia msimu, saa na upepo. Sijui sifa kubwa kuliko hiyo anayoweza kupewa mchoraji wa pwani. Boudin ndiye aliyemtoa kijana Claude Monet nje akamfundisha kuchora mbele ya kitu chenyewe.

Pasteli ilimfaa Boudin kwa sababu zilezile zinazotufaa sisi. Haina kukausha wala kusubiri, wala maji ya kuchanganyia. Rangi haikorogwi pembeni. Unaichagua, unaiweka, na ikihitaji kubadilika unaweka nyingine juu yake. Kwa kawaida huanza na giza na kumalizia na mwanga, kwa mkono mwepesi mwanzoni ili karatasi isijae mapema. Karatasi lazima iwe na mkwaruzo wa kushika unga. Ile laini ya kuandikia hukataa baada ya tabaka la pili. Msasa laini wa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi hushika pasteli vizuri sana, na unafaa kwa mazoezi, ingawa karatasi yake huchakaa kwa miaka. Kwa kazi ya kudumu tafuta karatasi isiyo na asidi.

Adui wetu mkubwa hapa ni unyevu. Hewa ya bahari huingia kwenye karatasi, kuvu ikaota juu ya gundi, nawe ukafungua jalada ukute madoa meusi. Hifadhi picha mahali penye hewa, juu ya sakafu, mbali na ukuta wa nje. Ukizitia fremu, weka kioo, na kati ya kioo na picha acha nafasi. Na vumbi la rangi usilipulize kwa mdomo. Igonge karatasi kwa nyuma lidondoke, ufute kwa kitambaa kibichi, kwani baadhi ya rangi, hasa zenye kadimiamu, zina madhara zikivutwa.

Picha moja, maji yakitoka

Chukua asubuhi ya bamvua, jua limeshapanda na maji yanakimbilia baharini. Nimekaa ukingoni upande wa mikoko, karatasi yangu ina rangi ya udongo wa kahawia iliyofifia. Karatasi ya rangi hii nimeichagua kwa makusudi, maana ndiyo tope lenyewe. Popote nisipoigusa, tope litakuwa limeshachorwa.

Kwanza naweka mistari mitatu tu kwa makaa: ukingo wa mikoko ng'ambo, ukingo wa maji, na fungu la mchanga katikati. Fungu la mchanga ndilo saa yangu. Linakua mbele ya macho, na nikishauchora ukubwa wake sitaubadilisha hata likiongezeka maradufu. Kila kitu kingine katika picha lazima kikubaliane na saa hiyo.

Kisha giza lote kwa pamoja: chini ya mikoko, kivuli cha mashua, mifereji inayomwaga. Natumia zambarau na buluu iliyokolea, kipande kikilazwa ubavu, bila kutazama maumbo madogo. Baada ya hapo anga, kwa sababu maji yataiga anga. Saa hii anga ya juu ni buluu, lakini karibu na upeo imepauka, ina krimu na waridi ndani yake kwa sababu ya unyevu. Rangi hiyohiyo ya upeo naishusha kwenye maji yaliyotulia juu ya tope. Maji yanayokimbia siyapi rangi ya anga, kwani uso wake umevunjika. Nayapa kahawia ya mto, na michirizi mifupi ya kijani.

Tope lililolowa ndilo jambo gumu zaidi. Jicho hulidhania kuwa jeusi, lakini penye utando wa maji hung'aa kuliko mchanga mkavu. Hapo nachukua kipande cha krimu na kukipitisha mara moja, kwa uzito wa mkono tu, kikiruka juu ya mkwaruzo wa karatasi. Mwanga huketi kwenye vilele na kahawia hubaki mabondeni. Ukirudia mara ya pili umeua. Mizizi ya mchu naimalizia kwa ncha ya kipande kigumu, michache, ile ya mbele tu.

Siku moja, nikiwa namalizia picha ya namna hiyo, mzee mmoja mwenye kamba begani alisimama nyuma yangu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu." Akatazama karatasi muda mrefu kuliko watu wanavyotazama kwa kawaida. "Hapa maji yanatoka. Bado kama saa moja yaishe."

"Umejuaje, mzee?"

"Hii mashua si imetia nanga? Omo yake inatazama bara, kwa hiyo mkondo unatoka huko. Na hii mizizi umeilowesha mpaka hapa, maji yalikuwa hapo si muda."

Tangu hapo hicho ndicho kipimo changu. Picha ya maingilio imefanikiwa ikiwa mtu wa maji anaweza kuisoma saa yake bila kuambiwa. Baudelaire aliiona sifa hiyo kwa Boudin. Mzee yule anaweza kuitoa au kuinyima kwa haki kubwa zaidi, kwa sababu kwake kukosea saa ya maji ni kulala njaa au kukwama.

Udongo wa nyumbani

Pasteli nzuri ni ghali, na huku kusini si rahisi kuzipata. Lakini rangi za udongo, ambazo ndizo zinazohitajika zaidi kwenye mandhari haya, zinaweza kutengenezwa nyumbani. Barabara ya kupanda Newala na Tandahimba, kwenye nyanda za juu za Makonde, imepita katikati ya udongo mwekundu na wa machungwa. Wekundu huo ni kutu ya chuma iliyomo kwenye udongo, na haupauki kwa jua. Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, ina nyekundu ya jamii hiyohiyo, na bado inaonekana.

Utengenezaji wake ni huu. Twanga udongo mkavu kwenye kinu, uchekeche, kisha ukoroge kwenye ndoo ya maji. Subiri kidogo mchanga utue, umimine maji yenye rangi kwenye chombo kingine na kuuacha mchanga. Rudia mpaka usisikie mkwaruzo ukiusugua kwa vidole. Liache tope hilo laini litue, mwaga maji yaliyotakata, anika. Unga utakaopata ndio rangi. Uchanganye na maji yaliyotiwa gundi ya mgunga kidogo sana, ukande mpaka ulainike kama unga wa chapati, viringisha vipande vyenye unene wa kidole, uvianike kivulini. Vikikauka vikawa vigumu, gundi ilizidi. Vikipukutika mkononi, ilipungua. Kwa weusi, saga makaa. Kwa kupunguza makali ya rangi, tumia chaki iliyosagwa au kaolini. Pugu, karibu na Dar es Salaam, kuna kaolini nyingi. Chokaa ya kuchoma usiitumie, inaunguza ngozi na kuharibu baadhi ya rangi.

Kijani na buluu za kuaminika hutazipata kwa njia hii, hizo zinunue. Lakini nyekundu, njano ya udongo, kahawia na kijivu unazojitengenezea zitakuwa na jambo ambalo za dukani hazina. Udongo uleule ambao mvua inausomba mpaka Ruvuma ukawa mafungu na tope, wewe umeuosha na kuutuliza kwa njia ileile, ukauweka juu ya karatasi.

Walichotuachia wasanii wa kusini

Kusini mwa Tanzania hakujawahi kukosa wasanii. Wachongaji wa Kimakonde, wa pande zote mbili za Ruvuma, wamejulikana duniani kwa mpingo wao. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa mwaka 1932 huko Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kupakia baiskeli juu ya mbao za kubanwa, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wenye jina lake unaendelea. George Lilanga, Mmakonde, alitoka kwenye uchongaji akaingia kwenye uchoraji, na viumbe wake wenye masikio makubwa wamezunguka ulimwengu mzima.

Katika kazi hizi zote kuna watu, wanyama na mashetani. Nchi yenyewe ni nadra kuwa mhusika mkuu. Aliyeipa nchi nafasi kubwa alikuwa Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame mwaka 1923, aliyesoma Makerere na kisha Slade, London, na baadaye akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Katika picha zake vilima, mashamba na migomba hubeba maisha ya watu. Kilimanjaro imempata mchoraji wake. Maingilio ya Ruvuma bado yanasubiri.

Anayetaka kuyachora hana haja ya kuwaacha mabwana hawa wa kusini. Kwa Tingatinga ajifunze kutumia kilichopo mkononi badala ya kungoja vifaa kutoka ng'ambo. Kwa wachongaji ajifunze kuliheshimu gogo: mchongaji huufuata mpingo ulivyokua, na mchoraji wa pasteli lazima aufuate mkwaruzo na rangi ya karatasi yake.

Andika nyuma ya picha

Pwani hii inabadilika, na si kwa maji peke yake. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na tangu mwaka 2015 bomba linaipeleka mpaka Dar es Salaam. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipiga Cabo Delgado, ng'ambo tu ya mto, na watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari. Mikoko hukatwa, mingine hupandwa. Mchoraji asiyafute haya ili picha ipendeze. Kama kuna mtambo kwenye upeo, uchorwe. Kama kuna visiki, viwekwe rangi yake halisi, ambayo kwa mkandaa uliokatwa karibuni ni nyekundu.

Kwa hiyo fuata desturi ya Boudin. Nyuma ya kila picha andika mahali, tarehe, saa, umri wa mwezi, maji yanajaa au yanapwa, na upepo. Usingoje kuitwa msanii ndipo uanze. Mwalimu wa Msimbati, wa Kilambo au wa Mikindani anaweza kuwatoa wanafunzi wake na makaa, udongo walioutengeneza wenyewe na vipande vya msasa, wakachora fungu moja la mchanga kila bamvua mwaka mzima. Watajifunza sanaa, watajifunza na jiografia ya mto wao, na shule itabaki na kumbukumbu ya ufuo ambayo hakuna mtu mwingine anayeiweka kwa namna hiyo. Picha iliyochorwa kwa uaminifu na kuandikwa saa yake inawafaa mvuvi, mtaalamu wa hifadhi na mjukuu atakayetaka kujua fungu lilikuwa wapi. Mwezi ujao una bamvua mbili. Chagua moja.